Kupanga lugha za Kihindi-Kiulaya katika matawi na vitawi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Saba kwa Kiajemi ni *haft*. Kwa Kigiriki cha kale ni *hepta*, kwa Kisanskriti *sapta*, kwa Kilatini *septem*. Mwanafunzi anayeanza huyatazama maneno hayo manne akayagawa papo hapo: yenye h upande huu, yenye s upande ule. Kiajemi na Kigiriki ndugu, Kisanskriti na Kilatini ndugu. Mgawanyo huo unapendeza macho, lakini ni kosa tupu. Kiajemi na Kisanskriti wamelala nyumba moja, na Kigiriki ni tawi la peke yake.

Familia ya Kihindi-Kiulaya ina lugha zaidi ya 400, na karibu nusu ya watu duniani wamelelewa na mojawapo. Orodha ya matawi yake iko katika kila ensaiklopidia, na ukitaka kuikariri nusu saa inatosha. Ninachotaka hapa ni uweze kuyafikia matawi hayo kwa mkono wako mwenyewe, ili siku ukiletewa lugha usiyoijua uitafutie mahali pake. Kanuni inayobeba kazi yote ni moja: undugu wa karibu hauthibitishwi na kufanana. Unathibitishwa na mabadiliko ambayo lugha fulani ziliyapitia pamoja baada ya kuachana na wengine. August Leskien wa Leipzig aliiweka wazi kanuni hiyo mwaka 1876, na mpaka leo ndiyo tunayoitumia.

## Hatua ya 1: Jaza daftari

Chora jedwali. Kila lugha iwe na safu yake ya kushuka, kila maana iwe na mstari wake. Andika namba 1 hadi 10 na mia, viungo vya mwili, majina ya jamaa, maji, moto, jua, kula, kufa, mimi, wewe, nani. Maneno 40 yanatosha kuanzia. Chukua umbo la zamani kadiri linavyopatikana: Kigothi, lugha ya Kigermaniki iliyokwisha kufa, kabla ya Kijerumani cha leo, Kisanskriti kabla ya Kihindi. Tatu kwa Kihindi cha leo ni *tīn*, na ukiwa na hilo peke yake utahangaika. *Trayas* ya Kisanskriti inakaa vizuri kando ya *tres* ya Kilatini.

Usiishie kwenye msamiati. Acha kurasa chache za vitenzi na viambishi, kwa sababu hapo ndipo penye ushahidi mzito. Tazama kitenzi cha kuwa. "Yeye ni": Kisanskriti *asti*, Kilatini *est*, Kigothi *ist*. "Wao ni": Kisanskriti *santi*, Kilatini *sunt*, Kigothi *sind*. Katika lugha zote tatu irabu ya mwanzo ipo kwenye umoja na inatoweka kwenye wingi. Watu hukopa jina la chombo au la chakula, lakini hakuna jamii iendayo kwa jirani kukopa ukorofi wa kitenzi. Franz Bopp alianza na unyambuaji wa vitenzi hasa, katika kitabu chake cha mwaka 1816, na alikuwa sahihi kuanzia hapo.

## Hatua ya 2: Toa maneno ya mkopo

Hatua hii mzungumzaji wa Kiswahili anaielewa haraka, maana anaishi ndani yake. Sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu. Hata hivyo Kiswahili ni cha Kibantu, kwa sababu mbili, tatu, nne na tano, pamoja na ngeli na viambishi vyote vya kitenzi, ni vya Kibantu. Tena tunatumia meza kutoka Kireno, gari kutoka Kihindi, darubini kutoka Kiajemi na shule kutoka Kijerumani. Hizo ni lugha nne za Kihindi-Kiulaya, na hakuna hata moja inayotufanya tuwe jamaa zake. Na *Schule* yenyewe Wajerumani waliikopa kwa Kilatini, ambacho kiliikopa kwa Kigiriki. Neno moja huweza kupita milango mitatu kabla ya kukufikia.

Wataalamu wakubwa wamenaswa hapa. Kwa miaka mingi Kiarmenia kilihesabiwa kuwa lugha ya Kiirani, kwa kuwa kimejaa maneno ya Kiirani: elfu, kwa mfano, ni *hazar*, vilevile kama kwa Waajemi. Mwaka 1875 Heinrich Hübschmann alifanya kazi ya subira. Aliyatenga maneno hayo ya mkopo, akabaki na tabaka la chini: *hayr* baba, *otn* mguu, *hing* tano, *tasn* kumi. Sauti za tabaka hilo zilifuata kanuni ambazo Kiirani hakizijui. Kiarmenia kikawa tawi kamili.

Kialbania nacho kinafundisha. Mia kwa Kialbania ni *qind*, na neno hilo limetoka Kilatini, *centum*. Kwa hiyo ukitaka kujua Kialbania kilizifanyia nini sauti za kale za k, neno mia, ambalo kila kitabu hulitumia, hapa halikusaidii. Itakubidi utumie neno la asili kama *them*, nasema. Kinyume chake, Kifini, ambacho si cha familia hii hata kidogo, kinasema *sata* kwa mia, walilolikopa zamani sana kutoka kwa wasemaji wa Kihindi-Kiirani.

## Hatua ya 3: Tafuta sauti zinazojibizana

Anza na familia ambayo mama yake tunamjua, ili ujipime. Kilatini kilikuwa na *octo* nane, *noctem* usiku, *lactem* maziwa. Sasa waite watoto:

Kiitaliano: *otto, notte, latte*
Kihispania: *ocho, noche, leche*
Kireno: *oito, noite, leite*
Kifaransa: *huit, nuit, lait*
Kiromania: *opt, noapte, lapte*

Kila mtoto ameishika *ct* ya mama kwa namna yake, na hakuigeuza kiholela: palipo na *tt* kwa Mwitaliano pana *ch* kwa Mhispania na *pt* kwa Mromania, neno baada ya neno. Huko ndiko kujibizana kwa sauti. Sisi tunalo letu: mtu kwa Kiswahili, *mũndũ* kwa Kikikuyu, *umuntu* kwa Kinyarwanda na Kizulu. Sauti hazifanani, lakini zinajibizana, na kwa njia hiyohiyo Carl Meinhof aliijenga upya lugha mame ya Kibantu mwaka 1899, akiwa na zana zilizotengenezwa kwa lugha za Ulaya na Uhindi.

Sasa panda ngazi. Chukua p ya mwanzo wa neno. Baba: Kilatini *pater*, Kigiriki *patēr*, Kisanskriti *pitar*, Kigothi *fadar*, Kiayalandi cha kale *athir*, Kiarmenia *hayr*. Samaki: Kilatini *piscis*, Kiingereza *fish*, Kiayalandi *iasc*. Tayari unayo kanuni: p ya kale inakuwa f kwa Wagermaniki (kama Kigothi na Kiingereza), inakufa kabisa kwa Wakelti (kama Kiayalandi), inakuwa h kwa Waarmenia.

Endelea na Kigermaniki, kwa sababu mabadiliko yake ni mnyororo mzima. p, t, k zikawa f, th, h: Kilatini *tres*, Kiingereza *three*, *cornu*, *horn*. b, d, g zikawa p, t, k: *duo*, *two*, *genu*, *knee*. Rasmus Rask aliueleza mwaka 1818 na Jacob Grimm akaupanga vizuri zaidi mwaka 1822.

Jipime kwa jozi hii: Kijerumani *haben*, kuwa na, Kilatini *habere*, kuwa na. Sauti karibu zilezile, maana ileile. Undugu? Kanuni uliyoiandika sasa hivi inasema h ya Kijerumani hujibu k ya Kilatini. Basi mwenzake *haben* ni *capere*, kukamata, na *habere* ni neno jingine kabisa. Mimi huitumia jozi hii kila nikifundisha, kwa sababu mtu akishaikubali haamini tena macho yake bila kuuliza kanuni.

## Hatua ya 4: Masalio kando, mabadiliko kando

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Kilithuania kinasema *sūnus* mwana, *vilkas* mbwa mwitu, *ugnis* moto. Kisanskriti kinasema *sūnus, vṛkas, agnis*. Ukiyaona hayo unaweza kuapa kwamba watu wa Vilnius na watu wa Bonde la Ganges walikuwa kijiji kimoja juzi. Lakini kilichotokea ni kwamba wote wawili wameitunza mali ya babu. Ndugu wawili waliogawana urithi wanaweza kuishi mbali na bado kila mmoja akawa na kiti cha babu sebuleni. Kiti hakikuambii nani alikaa na nani muda mrefu zaidi. Masalio hayajengi kitawi.

Kwa kila mstari wa jedwali lako jiulize: kipi ni cha kale, na nani amebadilika? Jibu wakati mwingine linashangaza. Wataalamu wa kwanza walidhani Kisanskriti ndicho kilichotunza irabu za kale, kwa kuwa ni kikongwe na kina a mahali Kigiriki na Kilatini zina a, e, o. Nane: *aṣṭa*, *octo*. Ni: *asti*, *est*. Kisha miaka ya 1870 wakatazama neno dogo lenye maana ya "na": Kilatini *que*, Kigiriki *te*, Kisanskriti *ca*, linalotamkwa cha. Sauti ya k hulegea ikawa ch inapofuatwa na e au i, kama Kilatini *centum* kilivyokuwa *cento*, "chento", kwa Waitaliano. Haina sababu ya kulegea mbele ya a. Kwa hiyo pale baada ya ch palikuwa na e, ikamlegeza jirani yake, kisha yenyewe ikageuka a. Ushahidi ulibaki ingawa aliyeuacha ameondoka. Kisanskriti ndicho kilichobadilika, pamoja na jamaa zake wa Kiirani, na kuungana huko kwa a, e na o ni mojawapo ya alama kuu za tawi la Kihindi-Kiirani.

Kuna mgawanyo maarufu utakaoukuta kila mahali: lugha za *kentum* na lugha za *satem*, kwa majina ya mia katika Kilatini na Kiavesta, lugha ya kale ya Kiirani. Upande mmoja *centum*, Kigiriki *hekaton*, Kiwelisi *cant*; upande wa pili Kisanskriti *śatam*, Kilithuania *šimtas*, Kirusi *sto*. Zamani watu waliuchukulia kuwa ndio mpasuko mkuu, magharibi na mashariki. Ndipo maandishi yaliyopatikana katika bonde la Tarim, Xinjiang, China, yalipotambuliwa na Emil Sieg na Wilhelm Siegling mwaka 1908. Lugha ile, Kitokaria, ilikuwa mbali sana mashariki, nayo inasema *känt* na *kante*: k! Ukifikiri kwa kanuni yetu hakuna ajabu. Kuibakiza k ni kutunza ya babu, na kutunza hakuundi kundi. Liandike hilo kwa kalamu nyekundu: hakuna tawi liitwalo Kentum.

## Hatua ya 5: Pima uzito

Si kila badiliko lina thamani sawa. s kugeuka h ni rahisi mno. Imetokea kwa Waajemi, kwa Wagiriki, na kwa Wawelisi katika maneno mengi, kila mmoja kwa wakati wake. Ndiyo maana *haft* na *hepta* hazithibitishi lolote kati yao. (Ni badiliko hilohilo la Kiajemi lililoufanya mto *Sindhu* uitwe *Hindu*, na ndipo lilipotoka jina letu la Mhindi.) Vivyo hivyo kw kugeuka p: Kilatini kina *quis*, nani, na jirani yake wa Italia ya kale, Kioska, ana *pis*, Kiayalandi kina *ceann*, kichwa, na Kiwelisi kina *pen*. Mtu asije akawaunganisha Waoska na Wawelisi kwa hilo.

Badiliko lenye uzito ni lile la ajabu, au lile linalokuja na wenzake kwa mnyororo. *dw* ya mwanzo kwa Kiarmenia imekuwa *erk*, hata mbili ikawa *erku*. Nani angelifikia hilo kwa bahati mara mbili? Mnyororo wa Kigermaniki nao ni mzito. Nakushauri udai mabadiliko matatu au zaidi, na angalau moja liwe la sarufi, kabla ya kuandika jina la kitawi kwa wino.

## Hatua ya 6: Ita matawi

Ukifika hapa na jedwali lililojaa, matawi kumi yatajitokeza. Matatu ni ya lugha mojamoja na lahaja zake: Kigiriki, Kiarmenia, Kialbania. Mawili yamekufa. La Kitokaria umeshaliona. La Kianatolia, la Uturuki ya leo, linaongozwa na Kihiti, ambacho Bedřich Hrozný alikifumbua mwaka 1915 kwa sentensi iliyokuwa na alama ya mkate, kisha *ezzatteni*, kisha *watar*: sasa mtakula mkate, na maji mtakunywa. Kihiti kina sauti ya koo iliyopotea kwingine: mfupa ni *ḫaštai*, Kigiriki *osteon*. Ferdinand de Saussure, kijana wa miaka 21, alikuwa amekisia kuwapo kwa sauti za namna hiyo kwa hesabu tupu miaka mingi kabla vigae vya Kihiti havijasomwa.

Kihindi-Kiirani umeshakijua kwa irabu zake. Kigawe kwa pumzi: Kisanskriti *bhrātar*, ndugu, kina bh yenye pumzi, na Kihindi *bhāī* bado kinayo, Kiajemi *barādar* hakina. Upande wa pumzi ni Kihindi, Kiurdu, Kibengali, na vilevile Kigujarati na Kikachi vinavyosikika madukani Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Upande wa pili ni Kiajemi, Kikurdi, Kipashto, na Kibulushi cha mababu wa Wabulushi wa Mombasa na Oman. Lugha za Nuristan, milimani Afghanistan, hupewa na wengi kitawi cha tatu.

Yaliyobaki ni Kiitaliki, Kikelti, Kigermaniki, na Kibaltiki-Kislavoni, waliko Kilithuania na Kirusi. Kiitaliki ni Kilatini na jamaa zake wa Italia waliomezwa nacho. Ndani ya watoto wa Kilatini, Kisardinia ndicho kilichojitenga mapema: mia ni *kentu*, k ikiwa haijalegea.

Kwa Kigermaniki acha nikuonyeshe kugawa vitawi. Mgeni: Kigothi *gasts*, Kinorsi cha kale *gestr*, Kijerumani cha kale *gast*. Mwisho ulikuwa z. Mashariki imekuwa s, kaskazini r, magharibi imedondoka. Magharibi hiyo tena imerudufu konsonanti mbele ya j: Kigothi *satjan*, kuketisha, Kiingereza cha kale *settan*. Ndipo Kiingereza, Kiholanzi, Kifrisia, Kijerumani na Kiafrikana wanapokaa pamoja. Kisha Kijerumani cha kusini kikachukua hatua ya peke yake: *ten* na *zehn*, *water* na *Wasser*, *apple* na *Apfel*. Kwamba Kiingereza kimejaa Kifaransa hakubadilishi kitu. Rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 7: Chora mti, na ujue unapokataa

August Schleicher ndiye aliyezoesha watu kuchora mti. Chora nawe, ukiweka Kianatolia kama tawi lililoachana na wenzake kwanza; wengi wanakubaliana hivyo. Kibaltiki na Kislavoni ziunganishe. Kiitaliki na Kikelti mimi huziunganisha kwa nukta tu. Zinashiriki jambo zuri, tano ya *\*penkwe* kugeuka *\*kwenkwe* (nyota ni alama ya umbo la kale lililokisiwa), Kilatini *quinque*, Kiayalandi cha kale *cóic*, lakini hoja bado inabishaniwa.

Halafu utafika mahali mti unagoma. Kwa umbo la wingi lenye maana ya "kwa", Kisanskriti kina kiambishi *-bhyas* na Kilatini *-bus*. Kigothi kinasema *wulfam*, kwa mbwa mwitu wengi, Kilithuania *vilkams*: m badala ya b. Kwa hiyo Kibaltiki-Kislavoni kinashikana na Kigermaniki kwa m, na kwa *satem* kinashikana na Kihindi-Kiirani. Hakiwezi kukaa kwenye matawi mawili. Johannes Schmidt alilijibu hilo mwaka 1872: mabadiliko husambaa kama mawimbi kati ya majirani ambao bado wanaelewana. Usilazimishe mti, chora mduara uzingire lugha zinazoshiriki badiliko, na uiache miduara ikatane. Na *-bus* ile usiione ngeni. Kilatini *omnibus*, "kwa wote", kilikatwa kichwa na Waingereza kikawa jina la gari la abiria, likatufikia sisi likawa basi.

## Hatua ya 8: Jaribio

Maneno haya ni ya lugha moja inayozungumzwa Ufaransa: *tri* tatu, *pevar* nne, *pemp* tano, *penn* kichwa, *kant* mia, *pesk* samaki. Yafiche majibu kwa karatasi na ujaribu kwanza.

*Tri* inakuingiza kwenye familia na haikupeleki mbali zaidi. *Kant* ina k, lakini hilo ni salio. *Pevar, pemp, penn* zinajibizana na Kiwelisi *pedwar, pump, pen*, na Kiayalandi *ceathair, cúig, ceann*: p iliyozaliwa na kw, katika maneno matatu kwa mpangilio, na kando yake viambishi vya kitenzi ukivitafuta vitakubali. Ni Kikelti, kitawi cha Kiwelisi. Lugha hiyo ni Kibretoni, iliyovushwa bahari na watu waliotoka Britania. Linabaki *pesk*. Wakelti waliiua p ya kale, na Kiayalandi kinasema *iasc*. Kwa hiyo p hii haikurithiwa. Mbretoni, kama Mwelisi, alimkopa samaki wake kwa Warumi.